Bustani juu ya paa inasumbua: dalili, chanzo na tiba

Mtaa uliobanana hauna kiwanja. Nyumba zimegusana kuta, vichochoro ni vya kupishana mabega, na sehemu pekee inayopata jua la kutosha ni paa. Kwa hiyo bustani hupandishwa juu: makreti, ndoo, vitanda vya mbao, na wakati mwingine udongo humwagwa moja kwa moja kwenye zege. Miezi michache ya mwanzo mambo huwa mazuri. Baadaye dari huanza kuvuja, mboga huungua, mbu huongezeka, na wapangaji wa chumba cha chini yake huanza kunung'unika.

Wengi hukimbilia kubadilisha udongo au miche. Ushauri wetu ni kuanza na maji: yana uzito gani yakiwa juu, yanatokea wapi, na ni nani anayeyapandisha. Sehemu kubwa ya matatizo yaliyo hapa chini yanaishia kwenye maswali hayo matatu. Dalili zimepangwa kwa ukali wa hatari, za jengo kwanza, za mimea baadaye. Ukiwa na mbili kwa pamoja, shughulikia iliyotangulia. Hakuna faida ya kuokoa nyanya juu ya zege linalopasuka.

Nyufa mpya darini, au mlango wa chumba cha chini umeanza kukwama

Punguza uzito kwanza, uchunguzi baadaye. Acha kumwagilia siku hiyohiyo. Fungua koki za matanki ya juu yapungue. Hamisha vyombo vizito kimoja kimoja hadi juu ya kuta zinazobeba au boriti, bila kuvirundika mahali pamoja na bila watu wengi kukusanyika juu. Ndipo ushuke kuangalia ufa.

Nyufa nyembamba zilizotapakaa kwenye plasta, zisizokua, kwa kawaida ni plasta iliyokauka haraka. Ufa uliokatiza katikati ya chumba upande wa chini wa zege, sambamba na kuta zinazolibeba, unaonyesha zege limepinda kwa mzigo. Ufa wa mshazari karibu na ukuta au nguzo ndio wa kuogopwa kuliko wote, kwa sababu zege linaweza kukatika ghafla bila kubonyea kwanza. Hapo watu watoke chumbani na aitwe mhandisi wa majengo. Fundi wa plasta atauficha tu. Ufa wenye kutu ya kahawia, na zege linalobanduka vipande, una maana nondo zinaliwa. Gonga kwa nyundo ndogo: sehemu iliyoachana na nondo hulia tofauti, mlio wa kitu kilicho wazi ndani.

Kwa ufa usioashiria hatari ya papo hapo, weka alama ya penseli kwenye ncha zote mbili, andika tarehe, na uangalie kila baada ya siku 7 na kila baada ya mvua kubwa. Ufa ukivuka alama, mzigo bado unafanya kazi yake.

Kubonyea hupimwa kwa uzi. Bandika vipande viwili vya mbao vyenye unene wa milimita 30 kwenye dari, kimoja kila upande wa chumba karibu na ukuta, kisha vuta uzi kwa nguvu kati yake. Pima nafasi kati ya uzi na dari katikati ya chumba. Ikiwa ni milimita 18, dari imeshuka milimita 12. Kikomo kinachotumika sana ni urefu wa kutoka ukuta hadi ukuta ugawanywe kwa 250, yaani milimita 16 kwa chumba cha mita 4. Lakini usikichukulie kama hukumu. Zege nyingi zilimwagwa juu ya mbao zilizolegea, zikakauka tayari zimeshuka. Chenye thamani zaidi ni mabadiliko, ndiyo maana kipimo kifanyike kabla ya kupandisha chombo cha kwanza na kirudiwe bustani ikiwa imelowa.

Sasa hesabu ya mzigo, ambayo ilipaswa kufanywa mwanzoni. Udongo wa kawaida uliolowa kabisa una uzito wa kilo 1,800 hadi 2,000 kwa mita ya ujazo. Kwa hiyo kila sentimita moja ya kina ni kilo 18 hadi 20 kwa mita ya mraba. Mchanganyiko mwepesi ni kilo 10 hadi 13 kwa sentimita, kokoto kavu ni kama 16, maji ni 10 kamili. Viwango vingi vya ujenzi huhesabu paa lisilokanyagwa, isipokuwa na fundi wa ukarabati, kubeba kilo 40 hadi 75 tu kwa mita ya mraba zaidi ya uzito wake lenyewe. Paa la kutembelewa na watu huhesabiwa kilo 150 hadi 200. Kitanda cha udongo wa kawaida chenye kina cha sentimita 20 kina kilo 360 hadi 400 kikilowa. Kimezidi hata kiwango cha juu, tena kabla ya mtu yeyote kusimama pembeni yake. Tanki la lita 1,000 lenye kitako cha kama mita moja ya mraba ni zaidi ya tani moja mahali pamoja.

Na tafadhali, nondo zilizochomoza juu ya nguzo zikisubiri ghorofa nyingine si ushahidi kwamba zege linaweza kubeba bustani. Zinaonyesha nia ya mwenye nyumba. Uwezo wa zege unatokana na unene wake, nondo zilizo ndani na upana wa chumba, na katika mitaa iliyojengwa chumba kwa chumba mara nyingi hakuna aliyevihesabu. Kama mhandisi hajalitazama, lichukulie kuwa ni la kiwango cha chini, lile lisilokanyagwa.

Tiba, kwa mpangilio wa unafuu wake: shusha tanki, au liweke juu ya fremu inayopeleka uzito kwenye kuta mbili; panga vitanda vizito ndani ya nusu mita kutoka kuta zinazobeba zilizo mbali na ukingo wa paa, na uache katikati pawe njia; badilisha udongo uwe mwepesi; punguza kina. Na mikutano ya kikundi ifanyike chini. Watu 10 waliosimama kuzunguka kitanda kimoja ni kama kilo 700.

Paa ni la mabati, au la karatasi za saruji

Hapa swali la udongo lisiwepo. Papi zilizo chini ya mabati zilipangwa kubeba bati, upepo na fundi mmoja. Zaidi ya hapo, udongo wenye unyevu na mbolea hula bati kuanzia juu, na kutu haionekani hadi maji yaanze kudondoka. Kinachowezekana ni fremu yenye nguzo zake yenyewe, iliyosimama ardhini au kwenye ukuta imara, ikipitisha waya sentimita 20 hadi 30 juu ya bati, na mimea itambae kutoka kwenye vyombo vilivyo chini. Nafasi hiyo iachwe wazi ili joto litoke.

Karatasi za zamani za saruji zinaweza kuwa na asbesto. Usizikanyage, usizitoboe, usizisugue wala kuzipiga maji ya nguvu. Zikikatika hutoa vumbi la nyuzi ambalo huharibu mapafu, na katika kichochoro chembamba vumbi hilo linaingia kwa jirani kabla hujashuka ngazi.

Dari ina doa la unyevu

Kwanza hakikisha ni uvujaji. Chumba kisichopitisha hewa, chenye watu wengi na jiko ndani, kinaweza kutoa jasho darini hata paa likiwa zima. Kausha sehemu ya doa, bandika kipande cha nailoni cha sentimita 40 kwa 40 na ufunge kingo zote nne kwa mkanda wa gundi. Ngoja saa 24. Matone yakiwa upande wa chumbani, ni jasho, na dawa yake ni dirisha. Yakiwa kati ya nailoni na dari, maji yanatoka juu.

Kisha tazama saa. Doa lisilokauka kamwe ni la bomba au tanki. Linalokua saa chache baada ya kumwagilia liko chini ya vitanda. Linalotokea baada ya mvua tu, mara nyingi chanzo chake ni kingo: pale zege linapokutana na ukuta wa pembeni, au bomba linapopenya.

Kosa la kawaida ni kuchimbua hapo hapo juu ya doa. Maji yakishapita kwenye tundu husafiri kati ya utando wa kuzuia maji na zege, yanafuata mteremko, na hudondoka mita kadhaa kutoka yalikoingilia. Njia ya uhakika ni kupima sehemu kwa sehemu. Ondoa vitanda kwanza. Ziba tundu la bomba la mvua kwa mfuko wa nailoni uliojazwa mchanga, jenga kingo ndogo ya udongo kuzunguka eneo la mita 2 kwa 2, na ujaze maji hadi kina cha sentimita 3 hadi 5. Kumbuka sentimita 5 ni kilo 50 kwa mita ya mraba, kwa hiyo usilijaze paa lote kwa mkupuo. Pembeni yake weka karai lenye maji ya kina kilekile. Baada ya saa 24 linganisha: kama karai limepungua milimita 6 na paa limepungua milimita 12, sita za kwanza zimekwenda na jua na sita zilizobaki zimekwenda kwa mpangaji. Kama maeneo mawili yanashukiwa, tia rangi ya chakula kwenye moja tu na uangalie rangi ya tone darini.

Vyanzo tunavyokutana navyo zaidi ni hivi.

Kimo cha utando ukutani ni kifupi. Utando unatakiwa upande angalau sentimita 15 juu ya uso wa udongo. Siku ya kwanza huwa hivyo, lakini kila msimu huongezwa mboji, udongo unapanda, na baada ya miaka miwili unagusa tofali tupu. Tiba ni kuchota udongo wa pembeni na kuacha mkanda wa kokoto wenye upana wa sentimita 30.

Mizizi. Karatasi ya lami haizuii mizizi. Nyasi zenye mashina ya chini kwa chini, mianzi na hasa mitini hupenya. Mbegu za mitini hupandishwa na ndege, bila mtu kuzialika. Ng'oa mche ukiwa na majani mawili, kwa sababu ukifika urefu wa goti utang'oka na kipande cha zege. Vitanda vinavyokaa moja kwa moja juu ya paa viwe na kizuizi cha mizizi cha plastiki ngumu ya milimita 0.5 hadi 1, kipande kimoja kisicho na kiungo ikiwezekana.

Misumari na bolti za fremu ya wavu wa kivuli. Kila tundu ni mlango. Simamisha nguzo ndani ya ndoo zilizomwagiwa zege badala ya kutoboa. Chombo chochote cha chuma chenye ncha, kuanzia jembe dogo hadi panga, kisitumike ndani ya kitanda kilicho juu ya utando. Mikono na kijiko cha plastiki vinatosha.

Kukarabati ufa: acha sehemu ikauke juani siku mbili angalau, panua ufa kwa tindo uwe na umbo la herufi V lenye upana wa milimita 10, safisha vumbi, jaza kwa sementi iliyochanganywa na polima, kisha paka tabaka la kwanza la kizuia maji cha sementi na polima. Likiwa bado bichi lazimisha wavu wa nyuzi za kioo, sentimita 15 kila upande wa ufa. Tabaka la pili lipakwe kwa kukatiza la kwanza. Rudia jaribio la maji kabla ya kurudisha vitanda. Kupaka rangi ya kuzuia maji darini, kwa ndani, ni kupoteza rangi. Maji yanabaki ndani ya zege yakizila nondo huku dari ikionekana safi.

Maji yanasimama juu ya paa baada ya mvua

Yakikauka ndani ya saa 48, vumilia. Yakizidi hapo, pima mteremko kwa pima maji na ubao wa mita 2: inatakiwa sentimita 1.5 hadi 2 kwa kila mita kuelekea kwenye tundu. Mteremko ukiwepo na maji bado yamesimama, tundu limeziba au vitanda vimekaa kama ukuta. Viinue sentimita 2 hadi 3 kwa vipande vya tofali ili maji yapite chini.

Bomba moja la mvua halitoshi kwa paa lenye bustani. Majani na mizizi vitaliziba siku mvua ikiwa kubwa, siyo siku ya kiangazi. Mvua ya milimita 50 kwenye paa la mita za mraba 40 lenye ukuta wa pembeni pande zote ni lita 2,000, yaani tani mbili zilizokaa juu ya vichwa vya watu kama bomba limeziba. Kwa hiyo toboa tundu la dharura kwenye ukuta wa pembeni, kitako chake kikiwa sentimita 5 juu ya zege, upande ambao maji hayataangukia mlango wa jirani. Tundu la kawaida lifunikwe kwa kikapu cha wavu mgumu kilichosimama, si bamba bapa, na kuzunguka kwake pasiwe na mmea ndani ya sentimita 30.

Maji yakitoka ya kahawia wiki baada ya wiki, kitambaa cha kuchuja kati ya udongo na tabaka la kupitisha maji hakipo au kimeoza. Tumia kitambaa cha polista kisichofumwa cha gramu 150 hadi 200 kwa mita ya mraba. Magunia ya katani na nguo kuukuu za pamba huoza, na nailoni iliyotobolewa kwa msumari huziba.

Mimea inanyauka saa sita ingawa ilimwagiliwa asubuhi

Ingiza kijiti sentimita 10 ndani wakati mmea umenyauka, usisubiri jioni.

Kijiti kikitoka kikavu, maji hayaingii. Mchanganyiko wenye mboji nyingi au nyuzi za makumbi ya nazi ukikauka kabisa huyakataa maji. Yanateremka kati ya udongo na ukingo wa chombo na kutokea chini baada ya sekunde chache, na mwenye bustani anaamini chombo kimejaa. Zamisha chombo kwenye karai kwa dakika 30, hadi mapovu yaishe. Kwa kitanda, mwagilia kidogo mara tatu ukiacha dakika 10 kati ya kila mara, kisha funika kwa matandazo ya sentimita 3 hadi 5.

Kijiti kikitoka na unyevu, shika ubavu wa chombo. Ndoo nyeusi inayopigwa na jua la alasiri hupika mizizi. Joto la udongo likizidi nyuzi 35 mizizi ya mboga nyingi huacha kunyonya hata ikiwa ndani ya maji. Paka ndoo chokaa, au weka kivuli upande wa magharibi tu. Kama udongo unanuka uvundo, matundu ya chini yameziba.

Kuhusu kiasi: bustani iliyo juani na kwenye upepo hutumia lita 4 hadi 6 kwa mita ya mraba kwa siku, na siku za upepo mkavu hufika 8. Mita za mraba 10 ni ndoo mbili hadi tatu za lita 20 kila siku. Mahali ambapo maji ya nyumbani yenyewe hubebwa kichwani hadi ghorofa ya tatu, hesabu hiyo ndiyo inayoua bustani nyingi. Kama hakuna bomba wala mvua iliyokingwa, punguza eneo hadi kiasi ambacho watu wako tayari kukibebea maji mwezi mzima wa kiangazi.

Vitanda vyenye hifadhi ya maji chini, ambavyo udongo hunyonya kwenda juu, husifiwa sana. Vinafanya kazi, ila udongo usizidi sentimita 30 juu ya hifadhi, na tundu la kumwaga ziada liwepo. Jambo lisilosemwa ni uzito. Hifadhi ya kokoto ya sentimita 15 ina kilo kama 240 za mawe na 60 za maji kwa mita ya mraba kabla hujaweka udongo. Tumia makreti ya plastiki yaliyopinduliwa badala ya kokoto, na hata hivyo viweke juu ya kuta tu.

Majani yakianza kuwa ya njano kutoka chini ya mmea, naitrojeni imeoshwa na kumwagilia kila siku. Ongeza mboji iliyoiva ya unene wa sentimita 1 hadi 2 kila wiki 4 hadi 6. Njano ikianzia majani machanga huku mishipa ikibaki kijani, ni ukosefu wa chuma, na kwenye mapaa hutokea mara nyingi kwa sababu vipande vya plasta na vumbi la sementi vimeingia kwenye udongo. Ncha zilizoungua pamoja na ukoko mweupe ukingoni mwa chombo ni chumvi. Pitisha maji safi mara mbili ya ujazo wa chombo, yatoke yote chini.

Chumvi hiyo mara nyingi hutokana na maji ya kufulia. Yanafaa, kwa masharti: yasiwe na dawa ya kung'arisha nguo wala ya nepi, yasikae zaidi ya saa 24, yamwagwe kwenye udongo na si kwenye majani, yasitumike kwa mboga zinazoliwa mbichi wala za mizizi, na yapishane na maji safi.

Maua ya nyanya yanapukutika? Mchana umezidi nyuzi 32 hadi 35, au usiku haupoi. Wavu wa kivuli wa asilimia 30 hadi 40 husaidia. Upepo nao huangusha maua na kuvunja shina. Kizuizi cha upepo kiwe cha kupitisha karibu nusu ya hewa. Karatasi ya nailoni iliyotandwa wima hufanya kazi ya tanga, na siku ya dhoruba huondoka na fremu yake.

Kina cha udongo kisichotosha hutoa dalili zote hizo kwa pamoja. Mboga za majani zinataka sentimita 15 hadi 20, nyanya na pilipili 30, mimea minene ya kuhifadhi maji 6 hadi 10. Mchanganyiko tunaoupendekeza kwa mboga ni sehemu moja ya udongo, moja ya mboji iliyoiva, na moja ya kitu chepesi: mawe mepesi ya volkano, nyuzi za makumbi au pumba za mpunga zilizochomwa. Udongo usichukuliwe kando ya barabara kuu, gereji au palipotengenezwa betri. Risasi haioshwi na mvua, na mboga hazionyeshi dalili yoyote.

Mbu wameongezeka tangu bustani ianze

Udongo wenye unyevu hauzai mbu. Maji yaliyosimama ndiyo yanayozaa, na yai la mbu wa dengi hufikia kuwa mbu kwa siku 7 hadi 10 kukiwa na joto. Pita paa lote kwa tochi, hasa sehemu zisizodhaniwa: sahani za chini ya vyombo, mikunjo ya nailoni, vipande vya mianzi na mabomba yaliyosimama wazi juu (yajaze mchanga), bomba la kukagulia hifadhi ya maji, na kifuniko cha tanki chenye bonde. Kumwaga peke yake hakutoshi. Mayai ya mbu huyu hugandamana na ukuta wa chombo na huweza kukaa makavu kwa miezi, kwa hiyo sugua kwa brashi kila siku ya saba. Tanki lifungwe kwa wavu wenye matundu yasiyozidi milimita 1.

Tanki la juu ya paa sasa linahusu na malaria. Anopheles stephensi, mbu wa Asia ya Kusini anayezaliana kwenye matanki na mapipa ya mijini, aligunduliwa Djibouti mwaka 2012, Ethiopia 2016 na Kenya 2022.

Panya ni suala jingine na jibu lake ni fupi: mabaki ya jikoni ambayo hayajaoza yasifukiwe vitandani.

Chumba cha chini bado ni moto

Bustani hupoza pale inapofunika. Ndoo 20 zilizotawanyika kwenye paa la mita za mraba 40 hazifuniki hata moja ya tano, na chumba hakitahisi tofauti. Nafuu pia ni ya ghorofa ya juu. Wa chini wasiahidiwe. Kama lengo ni joto kuliko mboga, tabaka jembamba lililoenea lina manufaa kuliko vitanda vichache virefu. Katika Parque Arará, mtaa wa favela (makazi yasiyo rasmi) mjini Rio de Janeiro, Brazili, Luis Cassiano na mradi wake wa Teto Verde Favela walitumia zulia jepesi la polista lenye mimea isiyohitaji udongo mwingi, kwa sababu mapaa ya huko hayabebi zaidi. Sehemu isiyopandwa ipakwe rangi nyeupe. Kwa mtu asiye na maji ya kutosha, rangi peke yake ni uamuzi wa busara zaidi.

Bustani imeachwa, au imekuwa chanzo cha ugomvi

Uliza ufunguo wa ngazi uko kwa nani, bili ya maji iko kwa nani, na mavuno yamegawanywaje. Mara nyingi mtu mmoja anabeba maji na wengi wanachuma. Makubaliano ya ukurasa mmoja yatosha: zamu za kumwagilia kwa majina, nani anasafisha tundu la maji kabla ya mvua, nani analipa dari ikivuja.

Wazazi wakikataza watoto kupanda, wana sababu. Ukuta au kizuizi kiwe na kimo cha mita 1.1, nafasi kati ya vyuma zisizidi sentimita 10, na kreti zikae mita moja kutoka ukingoni. Kreti iliyogusa ukuta ni ngazi ya mtoto. Njia ya upana wa mita moja kutoka mlangoni hadi upande wa pili isipandwe chochote, kwa ajili ya moto. Nguzo ndefu za chuma na nyaya za kutambazia mimea zisiwe ndani ya mita 3 kutoka nyaya za umeme, ambazo katika mitaa hii hupita usawa wa macho.

Kuna na kodi. Paa likipendeza, mwenye nyumba anaweza kuipandisha, na waliobeba udongo ndio wanaohama. Mzungumze kabla ya kuanza, mwandike muda ambao kodi haitabadilika kwa sababu ya bustani na kwamba vyombo ni mali ya wapangaji. Naye mwenye nyumba ana haki ya kutaka paa lake siku atakapoongeza ghorofa. Kwa hiyo chombo chochote, kikiwa kimelowa, kisizidi kilo 40, watu wawili waweze kukishusha kwa ngazi bila kukivunja: kreti ya sentimita 50 kwa 40 yenye mchanganyiko mwepesi wa kina cha sentimita 15 hukaa hapo hapo.